Ahadi za Mkalimani Honoré Zagabe

Kila Jumapili, watu wanaposimama kwenda kupokea komunyo, Clémence hubaki kwenye benchi akilinda mikoba. Wanawake wa shirika lake, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa barabara moja huko Nyalukemba, mjini Bukavu, hawamwombi tena. Humwekea magotini wakipita, naye huipanga vizuri ili wakirudi na nyuso zao za utakatifu kila mmoja achukue wake bila kusukumana. Ni kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka kumi, na hajapoteza hata leso.

"Bale benye kukomunika njo beko na basaki muzito," aliwahi kumwambia Honoré wakirudi nyumbani. "Miye mwenye zambi nabebaka tu rozari."

Dhambi yake ina jina la Kilingala, yaka tofanda, njoo tukae. Mwanamume na mwanamke wanaishi nyumba moja, wazazi wanajua, mahari yametolewa, lakini padri hajaitwa. Honoré Zagabe alitoa ng'ombe wake kwa heshima zote. Walipelekwa Luvungi kwa Fabien, kaka yake Clémence, anayelima muhogo huko bondeni, na Fabien hana lalamiko lolote. Wenye lalamiko ni Kanisa, na Clémence.

Honoré si mlevi wala mhuni. Ni mwalimu wa Kiingereza, mwenye miaka hamsini na kitu na koti moja la rangi ya kahawa ya maziwa, na hufundisha jioni katika chumba kilicho juu ya ghala la sabuni pale Nyawera. Wanafunzi wake hutoka darasani wakinuka usafi kuliko walivyoingia. Mchana, kazi ikipatikana, yeye ni mkalimani. Mkalimani wa Bukavu husimama nusu hatua nyuma ya mgeni, hutazama viatu vya mgeni, na hunyanyua uso pale tu zamu yake inapofika. Honoré aliijua kazi hiyo vizuri. Kiingereza chenyewe alikipata kwa redio, kwa miaka miwili ya chuo, na kwa viatu hivyo.

Hapo ndipo alipokutana na kitenzi chake: to endeavour.

Mikutano ya wageni ilifanana. Kwanza salamu, kisha wenyeji wanaeleza shida zao, kisha mgeni anasafisha koo na kusema, "We shall endeavour to," halafu anataja kitu: bomba la maji, ngazi ya saruji, paa la zahanati. Honoré hakufungua kamusi. Aliangalia kitenzi kinasimama wapi, akaona kinasimama mahali ambapo mkubwa anayesema Kifaransa husema je m'engage, huku mkono wake ukielekea kifuani. Basi, akaamua, hiki ni kitenzi cha kuahidi, tena kuahidi kwa adabu kubwa. Akatafsiri: "Tunaahidi." Watu wakapiga makofi. Mgeni akafurahi kuona maneno yake machache yamepokelewa kwa shangwe namna ile.

Bomba halikuja. Ngazi haikuja. Zahanati inavuja hadi leo. Nyalukemba haikushangaa sana, kwani wageni walikwisha kujulikana kuwa waongo, na Honoré mwenyewe alifundisha darasani kwamba Kiingereza ni lugha nzuri inayosemwa na watu wasiotimiza. Ushahidi ulikaa mbele yake miaka ishirini. Mtu mwingine angeshuku kitenzi. Honoré alishuku wazungu.

Kitenzi kilimkaa mwilini. Aliwafundisha wanafunzi wakitumie kwa waajiri, kwa wachumba na kwa balozi. Madereva wa pikipiki pale Nyawera walimwita Papa Endeavour, na wakati huo hilo lilikuwa jina la heshima. Mmoja wao, Hervé, mwanafunzi wake wa mwaka wa pili na baba wa watoto watatu, alikuja darasani siku moja akiwa amekasirika.

"Prof, verbe yako imenifukuzia client."

"Namna gani?"

"Muzungu mumoja. Alikuwa amekwisha kukaa kwa moto, hii pikipiki yangu, tunateremuka Muhumba. Akaniuliza kama freins, zile breki, ziko muzuri. Nikamujibu na adabu yote: Sir, I shall endeavour to brake."

"Sentensi iko safi. Naye?"

"Alishuka. Akaenda na miguu, na mvua inanyesha."

Honoré alifikiri. "Bazungu banaogopa moto," alisema, na somo likaendelea.

Clémence naye alipata sehemu yake. Kila mwaka mpya, baada ya chakula, Honoré alivaa koti, akasimama, akamwambia kwa Kiingereza kwamba he shall endeavour to marry her, halafu akajitafsiri mwenyewe: "Naahidi kukuoa." Alitaka harusi yenye ukumbi, fanfare ya tarumbeta, na magari ya kupiga honi kutoka Nyawera hadi ziwani. Hakutaka chini ya hapo. Kila mwaka ukumbi ulikuwepo, tarumbeta zilikuwepo, na magari yalipita yakipiga honi kwa ajili ya watu wengine.

Mwaka huu, Kwaresima ilipoanza, parokia ilipata padri mpya kutoka Zambia, Padri Mulenga, kijana mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa vitabu na kukisema kwa usafi uliowatia watu mashaka. Alitangaza kwamba Jumamosi baada ya Pasaka atafungisha ndoa za pamoja kwa wote waliokaa bila sakramenti. Sharti lilikuwa moja: kabla ya Jumapili ya Matawi, mwanamume asimame mbele ya shirika lake na aseme nia yake kwa kinywa chake mwenyewe.

"Ndoa ya kundi," Honoré alisema usiku ule mezani. "Kama chanjo ya surua."

"Surua inaponaka," Clémence alijibu. "Hii ya kwako haiponi." Akasukuma sahani kando. "Sikia, Honoré. Kama hausemi mbele ya shirika, naenda Luvungi kwa Fabien. Nitakuwa nanunua muhogo kule, natuma Nyawera, Martine wa meza ya kando anauzisha. Biashara itaendelea. Ni weye tu njo utabakia."

Alisema bila kupandisha sauti. Clémence huuza unga wa muhogo sokoni Nyawera na hana desturi ya kutaja bei asiyoikusudia. Honoré alimwelewa. Akampelekea koti lake mtu wa kupiga pasi.

Shirika lao hukutana Alhamisi jioni kwa Maman Anne-Marie, rais wake, mjane mwenye viti vingi na subira kidogo. Jioni ile Padri alikuwepo. Wanaume wawili walitangulia. Wa kwanza alisema, "Nataka kumuoa huyu, tumezaa naye batoto bane, ajili ya nini nikatae." Wa pili alisema vivyo hivyo, akasahau jina la ubatizo la mkewe, akakumbushwa. Kila mmoja alipigiwa makofi. Kisha Honoré akainuka. Padri alitoka nchi ya Kiingereza, na Honoré aliona hapo nafasi ya kuipa ndoa ya kundi fahari ambayo fanfare haitaipa.

"Father," alisema, "I shall endeavour to marry Clémence."

Maman Anne-Marie alikuwa tayari ameinua mikono apige makofi. Padri hakupiga. Alisubiri kama mtu anayengoja nusu ya pili ya sentensi.

"Baba Honoré," alisema kwa Kiswahili chake safi, "kuna kizuizi gani?"

"Hakuna kizuizi, Padri."

"Basi kwa nini utajaribu?"

"Sikusema nitajaribu. Nimesema naahidi."

Padri alitazama sakafu. Hakuwa mtu wa kufurahia jambo kama lile. "Ukisema hivyo kwa Kiingereza," alieleza taratibu, "unasema utajitahidi. Ni neno la heshima. Linasema utafanya bidii kubwa. Lakini halisemi kwamba jambo litafanyika. Ndiyo maana wakubwa wanalipenda. Likishindikana, hakuna aliyevunja neno."

Maman Anne-Marie alishusha mikono yake polepole.

"Papa Honoré," alisema, "bale bazungu ya bomba, siku ile kwa nyumba ya masomo. Balisema nini?"

Honoré angeweza kusema amesahau. Lakini mkalimani mzuri husahau uso na kukumbuka sentensi. "Balisema, we shall endeavour."

"Na weye ukatuambia?"

"Banaahidi."

"Na bale ya ngazi?"

"Vilevile."

"Na zahanati?"

Honoré alitikisa kichwa kukubali.

Papa Xavier, dereva mstaafu wa lori la bia, alikuwa amesinzia. Sasa alikuwa macho kabisa. "Miye nilivunja choo yangu," alisema. "Bomba ingesimama pale pale, balipima na kamba. Nikavunja choo. Mwaka muzima familia yangu ilikuwa inaomba ruhusa kwa majirani. Kumbe hawakuahidi?"

"Hapana, Papa Xavier."

"Njo weye ulituahidi?"

Swali hilo lilikuwa zito, na mtu fulani upande wa mlango akaanza kucheka, kisha mwingine, na ndani ya muda mfupi shirika lote lilikuwa likihesabu kwa furaha mambo ambayo Honoré Zagabe, mtu asiye na hata gurudumu la mkokoteni, alikuwa ameyaahidi kwa mtaa mzima. Mmoja akauliza kama ile barabara ya lami pia ilikuwa yake. Padri alikohoa mkononi mwake.

Clémence alikuwa bado amesimama kando ya Honoré, kama utaratibu ulivyotaka. Hakucheka. Alingoja wamalize.

"Bomba mutamuuliza kesho," alisema. "Leo namuuliza miye. Honoré, kila bonane, kila mwaka mupya, ulisimama mbele yangu na ile koti."

"Nilifikiri naahidi, Clémence. Mungu anajua."

"Mungu anajua Kiingereza. Miye nilijua paka ile tu ulinitafsiria." Akafunga kitenge chake upya kiunoni. "Nilifikiri niko fiancée. Kumbe nilikuwaka projet."

Akaaga kwa adabu, rais kwanza, Padri wa pili, akatoka.

Habari haikuhitaji usiku mzima kufika Nyawera. Asubuhi, Honoré alipoinama kuchagua nyanya, muuzaji alimuuliza, "Papa, unanunua ao una-endeavour?" Kwenye kituo cha pikipiki kitenzi kilikwisha kupata kazi mpya, tena iliyo sahihi kuliko ile ya darasani. Serikali ilikuwa ina-endeavour umeme. Mwenye nyumba alikuwa ana-endeavour kutengeneza paa. Mama mmoja alimwambia mwingine kwamba mwanawe ana-endeavour diploma mwaka wa tano sasa. Kwa miaka ishirini Honoré alijitahidi kukiingiza kitenzi hicho mjini na hakufaulu. Sasa kiliingia kwa siku moja, bila yeye, na kwa maana yake kamili.

Darasani alifanya kazi yake. Alikifundisha upya, somo fupi kuliko yote aliyowahi kutoa.

"Donc client alikuwa na haki," Hervé alisema kutoka nyuma.

"Alikuwa na haki."

"Nilimuambia nitajaribu kusimama."

"Ndiyo, Hervé. Kwenye muteremuko."

Nyumbani, magunia yalikuwa yamesimama karibu na mlango, matatu, kisha manne. Clémence alikuwa akiyapanga bila haraka na bila kelele, na hilo lilimtisha Honoré kuliko kelele. Jumapili usiku aliketi na kamusi aliyoazima, kubwa kama tofali, akasoma, akafuta miwani, akasoma tena.

"Nimeisoma muzuri," alisema. "Kwa ndoa, hii verbe haiko mubaya. Nani anaweza kuahidi zaidi ya kujaribu? Angalia bale balioana na fanfare. Mumoja iko Kampala na bibi mwingine. Kama angesema nitajaribu, angekuwa amesema ukweli. Hata Padri, nikimuuliza, hatakataa."

"Padri haolewi na weye."

"Nasema tu kwamba neno liko sawa."

"Neno liko sawa," Clémence alisema, akivuta kamba ya gunia. "Miye njo siko sawa."

Honoré alifunga kamusi. Kuna hoja ambazo mtu hushinda na kubaki peke yake chumbani, na hii ilikuwa moja. Kesho yake alikwenda kwa Papa Xavier kuomba radhi. Ilikuwa rahisi kuanzia hapo.

Xavier alimkuta anakagua choo kipya kama mnunuzi. "Usikiangalie hivyo," alimwambia. "Hii hatuvunji tena."

"Nimekuja kuomba radhi, Papa. Kwa ile ya kwanza."

"Ile ya kwanza ilikuwa inaanguka. Weye ulinipa paka sababu tu." Xavier aliketi juu ya kreti ya bia, urithi wa kazi yake, akamwonyesha nyingine. "Nyuma ya bale bako, balikuja bengine. Unakumbuka? Beko na mukalimani wa kwao, mutu ya Nairobi, anasema kama redio. Ule alitumia verbe ya kweli. Tunaahidi, ya muzuri kabisa. Bomba iko wapi?"

Honoré alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Basi kosa lake halikumnyima mtu maji. Mtaa ungekuwa mkavu kwa kitenzi chochote.

"Usifurahi," Xavier alisema, akimtazama. "Bale bakikosa, beko na ndege. Weye ukikosa, kesho tunakukuta pale pale kwa barabara, na Clémence iko Luvungi. Nani atakupikia? Kamusi?"

"Nitasema Alhamisi."

"Utasema ao..."

"Nitasema, Papa Xavier."

"Maana vile Anne-Marie amekwisha kuweka viti vingi. Batu banatoka hata avenue zingine."

Kweli walitoka. Alhamisi hiyo, ya mwisho kabla ya Matawi, nyumba ya Maman Anne-Marie ilijaa hadi dirishani, na wengi wa waliojaa hawakuwa na bidii yoyote ya sala siku nyingine. Clémence alikuja kwa sababu ilikuwa zamu yake kuongoza litania. Magunia yake yalikuwa tayari yamepakiwa kwenye lori la asubuhi, na kila mtu alijua, kwa kuwa dereva wa lori alikuwa ameketi safu ya tatu.

Rais aliendesha mkutano kama kawaida, kwa ukatili. Somo, litania, nani atafagia kanisa, nani atakata matawi, nani aliyefagia vibaya mwaka jana. Kisha akatazama dari.

"Kuna mutu iko na neno?"

Honoré alisimama. Hakuwa na koti. Lilikuwa limekunjwa nyumbani, na bila hilo alionekana mdogo kidogo, mwenye mabega ya kawaida. Aligeuka akamtazama Clémence badala ya Padri. Wakalimani hawazoei kumtazama mtu anayesemeshwa, na ilimchukua muda.

"Nitamuoa Clémence," alisema. "Samedi ile ya Padri, kisha Pasaka."

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wamejifunza.

"Pamoja na bengine?" Maman Anne-Marie aliuliza.

Hapo ndipo palipouma. Kwa miaka yote Honoré alikuwa amebeba kichwani ukumbi wake, magari yake na tarumbeta zake, na kusema kweli vitu hivyo vilikuwa vimemfaa sana, kwani mtu anayesubiri fanfare hahitaji kutaja siku.

"Pamoja na bengine."

"Bila fanfare?" Hiyo ilikuwa sauti ya Papa Xavier, ambaye hakuulizwa.

"Papa Xavier, acha," rais alisema.

"Nauliza tu, mutu ajue vile atavaa."

"Bila fanfare," Honoré alisema.

Clémence hakutabasamu. Alimpima kama anavyopima gunia analoletewa na mtu asiyemjua vizuri, juu, chini, na ile sehemu ya kati ambamo watu huficha mchanga. Kisha akamgeukia dereva wa lori, safu ya tatu.

"Magunia yateremuke," alisema. "Utayarudisha kwa nyumba kesho asubui."

Padri Mulenga akatoa kalamu mfukoni, akauliza kwa Kiswahili chake kama Baba Honoré ana jambo lolote la kuongeza. Honoré alikuwa bado amesimama, kidole kimoja juu, kinywa kimefunguka kidogo.

"Andika, Padri," Clémence alisema. "Andika kabla hajapata verbe ingine."